Ufunguo wa Mstari: Namba Inayoifikisha Hesabu kwenye Kisima Chako



Chukulia kwamba asubuhi moja mama mmoja amefika katika ofisi ya kata. Baada ya kusalimiana na mtendaji, anaeleza kilichomleta.

"Mtendaji, pampu ya Shuleni imevunjika mpini tangu juzi. Watoto wanachota mtoni."

"Pole sana, mama. Shuleni ipi? Shule ya msingi au ya sekondari?"

"Ile ya msingi."

"Pale pana pampu mbili, mama. Ya mbele au ya nyuma?"

Mama anacheka kidogo, kwa kuwa kwake yeye pampu ni moja tu, ile anayoichota kila siku. Hajakosea hata kidogo. Mtendaji naye hajakosea kuuliza, maana taarifa hiyo itaandikwa katika jedwali, na jedwali halimfahamu mama huyo wala halijui njia anayopita na ndoo yake. Jedwali hujua kile tu kilichoandikwa ndani yake.

Somo la toleo hili linahusu kitu kidogo kinachomaliza mashaka ya namna hiyo: ufunguo wa mstari. Wataalamu wa ramani hukitumia kila siku wanapofanya hesabu katika majedwali. Mwananchi akikielewa atajua kwa nini anaulizwa namba ya kituo cha maji, na kwa nini namba hiyo inaweza kuamua kama fundi atafika kwenye pampu iliyoharibika au kwenye pampu nzima.

RAMANI INA JEDWALI NYUMA YAKE

Wengi tunapoitazama ramani ya kompyuta huona alama: nukta ya kisima, mstari wa barabara, eneo la shamba. Nyuma ya kila alama kuna maelezo yaliyopangwa katika jedwali. Kila kisima kina mstari wake mmoja. Kila aina ya maelezo, kama vile jina, kitongoji, mwaka wa kuchimbwa na idadi ya kaya, ina safu yake ya kushuka chini. Ukibonyeza nukta katika ramani, programu hukuletea mstari wake. Ukibadilisha mstari, maelezo ya nukta hubadilika pia.

Miongoni mwa programu za ramani zinazotumiwa sana duniani ni QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman huko Alaska, Marekani. Ni programu huria, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipata bila malipo. Ndani yake kuna kikokotoo kinachoweza kujumlisha, kugawa na kulinganisha maelezo ya mistari maelfu kwa mara moja.

Ugumu huanza pale maelezo yanapokuwa katika majedwali mawili. Jedwali moja lina orodha ya vituo vya maji, jingine lina orodha ya matengenezo. Kikokotoo kitajuaje kwamba gharama iliyoandikwa kule ni ya kisima kilichoandikwa hapa? Kinahitaji alama moja iliyomo katika majedwali yote mawili, alama ambayo haiwezi kuwa ya visima viwili. Alama hiyo ndiyo ufunguo.

FUNGUO TUNAZOZIJUA TAYARI

Jambo hili si geni kwetu. Katika wilaya yetu wako watu wengi wenye jina moja la ukoo, na baadhi yao hata jina la kwanza ni moja. Kwa sababu hiyo Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na haitolewi kwa watu wawili. Unapolipia huduma ya Serikali, hupeleki fedha kwa kutaja jina. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na mfumo huitafuta namba hiyo hadi kuufikia mstari wa deni lako.

Anwani za makazi nazo hufuata utaratibu huo. Operesheni iliyozinduliwa Februari 2022, miezi michache kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo, ilizipa nyumba namba, barabara majina, na kuziunganisha na postikodi ya kata yenye tarakimu 5. Hapa tunajifunza jambo la ziada. Namba 12 peke yake si ufunguo, maana kila barabara inaweza kuwa na nyumba namba 12. Ikiunganishwa na jina la barabara na postikodi, inakuwa ufunguo kamili. Wakati mwingine ufunguo huundwa kwa vipande viwili au vitatu, na kipande kimoja kikikosekana mlango haufunguki.

MFANO WA VISIMA VYA TANZANIA

Tunao mfano mkubwa wa hapa nchini. Wizara ya Maji iliorodhesha vituo vya maji vya umma, na sehemu ya kumbukumbu hizo, iliyokusanywa zaidi kati ya mwaka 2011 na 2013, ilitolewa kwa ajili ya mashindano ya kimataifa ya uchambuzi wa takwimu. Sehemu hiyo ina mistari 59,400, na vituo vya Wilaya ya Kyela vimo.

Kati ya vituo hivyo 59,400, vilivyokuwa vikifanya kazi ni 32,259. Vilivyokuwa vikifanya kazi lakini vikihitaji matengenezo ni 4,317. Visivyofanya kazi kabisa ni 22,824. Kwa maneno mengine, katika kila vituo 100, karibu 38 vilikuwa vimesimama. Nyuma ya kila kituo kilichosimama kuna kaya zilizorudi mtoni.

Sasa tazama majina. Vituo 1,748 vinaitwa "Shuleni". Vituo 830 vinaitwa "Zahanati", 535 "Msikitini", na 323 "Kanisani". Vingine 3,563 viliandikwa kuwa havina jina. Waliotoa majina hayo hawakufanya makosa. Katika kijiji, jina "Shuleni" linatosha kabisa. Ila linapoingia katika jedwali la nchi nzima, linapoteza uwezo wa kutambulisha.

Kumbukumbu hizo zilitolewa katika mafaili mawili. Faili la kwanza lilieleza kila kituo: mahali, aina ya pampu, mwaka wa ujenzi. Faili la pili lilieleza hali yake tu: kinafanya kazi, kinahitaji matengenezo, au hakifanyi kazi. Kilichoyaunganisha mafaili hayo ni safu moja ya namba, ambayo kila kituo kilikuwa nayo yake. Fikiria kama safu hiyo isingekuwapo, na mtu akaamua kuunganisha kwa jina. Kila "Shuleni" ya faili la kwanza ingekutanishwa na kila "Shuleni" ya faili la pili. Vituo 1,748 vingezaa jozi 3,055,504, na kati ya hizo jozi za kweli zingekuwa 1,748 tu.

Pengine msomaji atasema: basi tutumie mahali kilipo kituo, kwa vipimo vya simu au vya kifaa cha setilaiti. Vipimo ni muhimu sana kwa kuchora ramani, lakini si ufunguo mzuri. Ukipima kisima kimoja leo na kesho, tarakimu za mwisho hutofautiana. Isitoshe, kifaa kinaweza kushindwa. Katika mistari ile 59,400, mistari 1,812 imeandikwa longitudo sifuri, na alama zake huangukia Ghuba ya Guinea katika Bahari ya Atlantiki, mbali kabisa na Tanzania. Hata hivyo mistari hiyo haikupotea. Kwa kuwa kila mmoja una namba yake, mtu anaweza kuurudia mstari uleule na kuusahihisha bila kuugusa mwingine.

HESABU MOJA, MAJIBU MANNE

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Mfano ufuatao ni wa kujifunzia tu. Si takwimu za kata yoyote.

Jedwali la vituo
Namba | Jina | Kaya
K-01 | Shuleni | 40
K-02 | Kanisani | 25
K-03 | Shuleni | 60
K-04 | Sokoni | 50

Jedwali la matengenezo
Namba | Mwezi | Gharama (shilingi)
K-03 | Machi | 180,000
K-01 | Aprili | 60,000
K-03 | Mei | 120,000
K-02 | Mei | 50,000

Swali ni hili: kila kituo kimegharimu shilingi ngapi kwa kila kaya inayokitegemea? Jumla ya fedha zote zilizotumika ni shilingi 410,000.

Njia ya kwanza ni kufuata mpangilio wa mistari. Mtu ananakili safu ya gharama na kuibandika kando ya jedwali la vituo. K-01 inapewa 180,000, K-02 inapewa 60,000, K-03 inapewa 120,000 na K-04 inapewa 50,000. Jumla ni 410,000, sawasawa kabisa na fedha zilizotumika. Lakini hakuna kituo hata kimoja kilichopata gharama yake. Kosa hili ni la hatari kwa sababu jumla iliyo sahihi humtuliza mkaguzi. Mwandishi wa makala haya alilifanya alipokuwa anajifunza. Alipanga jedwali moja kwa alfabeti, akaliacha jingine lilivyokuwa, na ramani aliyoitoa ilipendeza sana ingawa ilikuwa ya uongo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Njia ya pili ni kuunganisha kwa jina. Kila kituo cha "Shuleni" kinabebeshwa gharama zote za "Shuleni", yaani shilingi 360,000. K-01 inaonekana imegharimu shilingi 9,000 kwa kaya, na K-03 shilingi 6,000. Jumla ya jedwali inapanda hadi 770,000, fedha ambazo hazikuwahi kutumika.

Njia ya tatu ni kutumia ufunguo, lakini kwa fomula inayochukua mstari wa kwanza tu inaoukuta. K-03 inapata 180,000 ya Machi, na 120,000 ya Mei inaachwa. Jumla inashuka hadi 290,000.

Njia ya nne ni kutumia ufunguo na kujumlisha mistari yote yenye ufunguo huo. K-01 ni 60,000, sawa na shilingi 1,500 kwa kaya. K-02 ni 50,000, sawa na 2,000 kwa kaya. K-03 ni 300,000, sawa na 5,000 kwa kaya. K-04 haina mstari wowote wa matengenezo. Jumla ni 410,000, na kila kituo kina gharama yake.

Linganisha njia ya pili na ya nne. Kwa njia ya jina, K-01 ndiyo pampu ghali kuliko zote. Kwa njia ya ufunguo, katika pampu tatu zilizotengenezwa, K-01 ndiyo nafuu kuliko zote. Mtu akiamua kwa kufuata jedwali lenye kosa, atabadilisha pampu nzima na kuiacha inayoharibika kila baada ya miezi miwili. Kaya 60 zitaendelea kutaabika, na katika karatasi tatizo litaonekana limetatuliwa.

JINSI FOMULA INAVYOANDIKWA

Kwa vijana wetu wanaosomea kompyuta, hizi ndizo fomula mbili za kikokotoo cha QGIS. Maneno ya kigeni yaliyomo ni amri za programu, nayo huandikwa kama yalivyo. Majedwali yote mawili yawe yamefunguliwa, na uwe ndani ya jedwali la vituo.

Ya kwanza inatafuta mstari mmoja wenye ufunguo uleule na kuleta gharama yake:

attribute(get_feature('matengenezo', 'namba', "namba"), 'gharama')

Fomula hii inafaa pale ambapo kila kituo kina mstari mmoja tu katika jedwali la pili. Ikiwa mistari ni miwili au zaidi, inaleta mmoja na kunyamaza kuhusu mingine. Hiyo ndiyo njia ya tatu tuliyoiona.

Ya pili inakusanya mistari yote yenye ufunguo wa kituo na kuijumlisha:

aggregate(layer:='matengenezo', aggregate:='sum', expression:="gharama", filter:="namba"=attribute(@parent, 'namba'))

Sehemu ya mwisho ndiyo moyo wa fomula. Inaiambia programu: chagua mistari ile tu ambayo namba yake inalingana na namba ya kituo ninachokihesabu sasa. Ukitaka gharama kwa kaya, gawa matokeo hayo kwa safu ya kaya.

Kabla ya kuyaamini matokeo, fanya ukaguzi wa aina mbili. Kwanza, linganisha jumla ya safu mpya na jumla ya jedwali la matengenezo. Pili, chagua mistari miwili au mitatu na kuihesabu kwa mkono. Ukaguzi wa kwanza peke yake hautoshi, kama njia ya kwanza ilivyotuonyesha.

SIFA ZA UFUNGUO MWEMA

Mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala iliyokuwa msingi wa kanzidata nyingi za leo. Alisisitiza kwamba matumizi ya taarifa yasitegemee mpangilio wa mistari, na kwamba kila mstari utambuliwe kwa ufunguo wake. Kutokana na msingi huo, na kutokana na kazi ya kila siku, tunaweza kutaja masharti manne.

Kwanza, ufunguo usirudiwe. Vituo viwili visiwe na namba moja, hata kama viko katika vijiji tofauti.

Pili, usiwe nafasi ya mstari katika orodha. Mstari wa tatu leo unaweza kuwa wa pili kesho, mmoja ukifutwa.

Tatu, uandikwe kwa namna moja kila mahali. Namba 007 ikifunguliwa katika lahajedwali, mara nyingi hugeuzwa kuwa 7, na programu itaona kuwa hizo ni namba mbili tofauti. Vivyo hivyo K-07 na K07. Kutanguliza herufi husaidia kuzilinda sifuri za mwanzo, lakini waandishi wote sharti wakubaliane namna ya kuandika.

Nne, ufunguo ukistaafu usipewe mwingine. Sharti hili linatuhusu sana sisi wa bonde hili. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inamwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, na mafuriko yanaweza kukifukia kisima kikalazimika kuchimbwa kingine hatua chache kutoka pale. Kisima kipya kikipewa namba ya kile cha zamani, matengenezo ya miaka iliyopita yatahesabiwa kuwa yake, na kisima cha mwezi mmoja kitaonekana kibovu tangu kuzaliwa. Kipya kipewe namba mpya, na cha zamani kibaki katika jedwali kikiwa na maelezo kwamba kimefungwa.

NAFASI TUPU SI SIFURI

Tumekiacha kituo K-04, cha Sokoni, ambacho hakina mstari wowote wa matengenezo. Ni rahisi kuandika sifuri na kusema pampu hiyo haina tatizo. Lakini nafasi tupu ina maana mbili. Huenda pampu haijaharibika. Huenda pia imeharibika mara tatu, wananchi wakachangishana na kuitengeneza wenyewe, au wameiacha, wala hakuna aliyetoa taarifa. Kikokotoo hakiwezi kutofautisha hali hizo mbili. Anayeweza ni mkazi wa pale.

Hapa ndipo mwananchi anaingia katika hesabu. Unapotoa taarifa ya kituo cha maji, iwe kwa jumuiya ya watumia maji, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, au kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019, zingatia mambo haya:

1. Kama kituo kina namba iliyoandikwa, itaje yote kama ilivyo, pamoja na herufi na sifuri zake.

2. Kama hakina namba au imefutika, taja kijiji, kitongoji, jina linalotumiwa na wakazi, na alama ya karibu. Omba anayeandika atafute namba yake katika orodha kabla ya kufunga daftari.

3. Taja tarehe kilipoharibika, na kama kiliwahi kutengenezwa na wananchi wenyewe.

4. Usiipake rangi namba wala kuing'oa bamba lake. Anayeliondoa bamba anakiondoa kisima katika hesabu.

ZOEZI

Tumia majedwali ya mfano wetu.

(a) Mwezi Juni, K-02 imetengenezwa tena kwa shilingi 75,000. Gharama kwa kaya sasa ni kiasi gani?

(b) K-03 imefukiwa na mafuriko na pampu mpya imejengwa jirani yake. Utaipa namba gani?

(c) Mwandishi mmoja ameandika taarifa ya "K3". Kikokotoo kitaipeleka wapi gharama hiyo?

Majibu: (a) Jumla ya K-02 ni 125,000, kwa kaya 25 ni shilingi 5,000. (b) K-05, maana K-03 haitumiki tena na K-04 ina mwenyewe. (c) Haitafika popote. Hakuna kituo chenye ufunguo huo, hivyo gharama itakosekana katika jumla, na ndipo ukaguzi wa kwanza utakapoligundua kosa.

Turudi kwa yule mama wa pampu ya Shuleni. Akija safari nyingine na kusema, "Mtendaji, ni K-03, mpini umevunjika tangu juzi," hataulizwa tena ya mbele au ya nyuma. Taarifa yake itaandikwa katika mstari mmoja tu, ule wa pampu anayoichota, na hapo ndipo fundi atakapotumwa.